Ghorofa refu kuyumba si ubovu

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba jengo imara halitikisiki, na kwamba ghorofa likiyumba basi mhandisi kaboronga. Si kweli. Maghorofa marefu yote huyumba kidogo upepo unapovuma, kama mnazi, na wahandisi huupigia hesabu mwendo huo tangu kwenye michoro.

Tazama Taipei 101 huko Taiwan, lenye urefu wa mita 508. Kati ya ghorofa ya 87 na ya 92 limening'inizwa tufe la tani 660, rangi ya dhahabu, lililoundwa kwa mabamba 41 ya chuma. Wageni hulitazama kwa karibu, na kwa kweli linapendeza. Upepo ukilisukuma jengo upande mmoja, tufe huchelewa kulifuata, kisha hubembea na kulivuta lirudi. Chini yake kuna pistoni za mafuta, mfano wa shokapu za gari, zinazomeza nguvu hiyo na kuigeuza kuwa joto.

Agosti 2015, kimbunga Soudelor kilipopiga, tufe lilisogea mita nzima, jengo likabaki salama. Tena kazi yake kubwa si kulishikilia jengo lisianguke, bali kuwaepusha waliomo na kizunguzungu.