Poni mwepesi wa kushtuka na mpandaji mwenye tumbo joto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Huku Tanga punda na baiskeli ni wengi kuliko farasi, kwa hiyo ukipita na poni, yaani farasi wa kimo kifupi, asubuhi kwenye njia za mkonge utakusanya ushauri wa kutosha kabla hujafika nyumbani. Mwingi ni wa nia njema. Poni wangu ni jike wa rangi ya hudhurungi, anaitwa Matlai. Kanga ikipepea kwenye kamba nyumba ya tatu, yeye ameshaiona. Na mimi siku ya mashindano ya dresaji mikono hunitetemeka hata kufunga ukanda wa kofia inakuwa kazi. Tumekaa na hali hiyo misimu kadhaa. Katika niliyoambiwa, yapo yaliyotuchelewesha na yapo yaliyomuumiza mnyama, na hayo ndiyo nataka niyaweke sawa.

Kwa asiyeijua, dresaji ni mashindano ambayo mpandaji na farasi hufuata mpangilio uliowekwa: kutembea, kwenda mwendo wa matiti (mbio ndogo za kudundadunda), kuzunguka duara, kusimama wima kama mlingoti. Uwanja ni mstatili wa mita 20 kwa 40 kwa wanaoanza, au 20 kwa 60 kwa ngazi za juu, na pembezoni kuna herufi. Jaji mkuu huketi penye herufi C, akitoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila kipengele. Hakuna kuruka viunzi wala kukimbizana. Mtazamaji anaona mnyama anatembea tu, ndiyo maana wengi huuliza mpandaji anaogopa nini.

"Farasi ananusa hofu. Ukiogopa, umekwisha."

Hii nimeisikia kuliko zote, na ndiyo iliyonitesa zaidi, maana ilinifanya niiogope hofu yenyewe. Ukweli umo ndani yake. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi waliwapitisha watu na farasi mahali pamoja mara nne. Kabla ya mara ya mwisho waliwaambia watu kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia. Farasi hawakuwa na habari ya mwavuli. Habari waliyokuwa nayo ni ya mtu waliyenaye.

Lakini kuna upande wa pili ambao hausemwi. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2013, uliwapima wapandaji wenye ujuzi mkubwa pamoja na farasi wao, mazoezini na kisha mbele ya watazamaji. Wapandaji mioyo iliwaenda mbio zaidi mbele ya watu. Farasi hawakuonyesha tofauti hiyo. Nionavyo mimi, wale walikuwa na hofu kama yangu, ila miili yao ilijua kukaa vilevile hata roho ikiwa juu. Poni hasomi mawazo. Anasoma paja lililokaza, kiganja kilichofumba, pumzi iliyokwama kifuani.

Hilo nililielewa siku moja asubuhi, nikiwa nimeshakaa kwenye tandiko. Mzee anayetutunzia banda alikuwa ameshika lijamu. Matlai anakanyagakanyaga, shingo imekakamaa, masikio hayatulii. Mzee hakumtazama poni, alinitazama mimi.

"Mwanangu, mbona hupumui?"

Nikamwambia napumua, baba.

"Hupumui. Toa kwanza hiyo uliyonayo."

Nikaitoa, ndefu, mpaka tumbo likaingia ndani. Matlai akashusha kichwa, akapuliza puani kwa kishindo hadi povu likamrukia mzee kwenye mkono wa kanzu. Mzee akaachia lijamu, akaenda zake kuchota maji.

Jambo hili lina sababu yake mwilini. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta huamsha mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo, na nyonga hulegea zenyewe. Mimi huhesabu kwa kwato zake: hatua nne navuta, hatua sita natoa. Hesabu ikinipotea, naimba taarabu kwa sauti ya chini, kwa kuwa huwezi kuimba huku umezuia pumzi. Fanya hivyo kwenye uwanja wa kupashia mwili tu. Ndani ya mashindano sauti ya mpandaji huhesabiwa kosa na hukatwa alama.

"Tulia, usiwaze kitu"

Anayekwambia hivi anakupenda, lakini moyo hautulii kwa amri. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambayo watu waliokuwa karibu kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walijisemea jambo kuhusu hali yao. Waliosema wamechangamka na wana hamu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mwili wenye hofu na mwili wenye hamu hufanana sana, moyo unakwenda mbio kwa wote wawili, kwa hiyo ni rahisi kuhamia hamu kuliko kuhamia usingizi. Siku hizi nikiwa naswaki nasema kwa sauti: leo nina hamu ya kumwonyesha Matlai kwa watu. Mwanzo nilikuwa sijiamini. Nimeendelea, na inanisaidia.

Na kama wewe ni mtu wa vikombe vitatu vya kahawa chungu alfajiri, siku hiyo kunywa kimoja au acha. Kahawa itaongeza mtetemo ambao tayari unao.

"Mkaze hatamu, ajue nani bwana"

Hapa sina upole. Farasi ni mnyama wa kukimbia hatari. Ukimbana mdomo anaposhtuka umemthibitishia kwamba hatari ipo na umemfungia njia. Kichwa kitapanda, mgongo utazama, na hatua inayofuata itakuwa ya kando. Nguvu hazihitajiki. Mwaka 1952 kule Helsinki, michezo ya Olimpiki ya kwanza kuwaruhusu wanawake kwenye dresaji, Lis Hartel wa Denimaki alipata medali ya fedha wakati polio ilikuwa imempooza miguu chini ya magoti. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Nikimkumbuka, naona aibu kuvuta.

Shika hatamu kama unavyoshika kifaranga, asitoroke wala asikabwe. Poni akigutuka, mpe kazi ndogo anayoiweza: duara pana, au apunguze mwendo kisha aongeze. Akili yake ikishapata shughuli, kanga ya jirani inapungua ukubwa.

Wapo pia wanaosema anayegutuka hivyo ni mkorofi. Matlai alikuwa akigoma kila mara pale kivuli cha mwembe kinapokata mchanga, na kwa muda mrefu nilidhani ananijaribu. Kumbe macho ya farasi huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea kivuli akitoka juani. Pale mimi naona mchanga, yeye huenda anaona shimo. Nilianza kumsimamisha kwenye mpaka wa kivuli kila asubuhi, nikihesabu pumzi tano kabla ya kuvuka. Ilichukua wiki nyingi.

"Mchoshe kwanza, akichoka atatulia"

Nilimzungusha kwa kamba ndefu karibu saa nzima, Februari, kaskazi ikivuma. Najuta mpaka leo. Farasi hupoa kwa jasho kukauka, na kwa unyevu wa pwani yetu halikauki upesi. Unamwingiza uwanjani mwenye joto kali na misuli iliyochoka, na aliyechoka hujikwaa na kukasirika. Halafu ukimchosha kila wiki unamjenga pumzi, mwezi ujao utahitaji saa moja na nusu. Dakika chache za kutembea kwa hatamu ndefu, akiangalia kila kona kwa utulivu wake, zimetusaidia kuliko kamba yote ile.

Mengine mafupi. Poni si mtoto wa farasi. Ni farasi mzima asiyezidi sentimita 148 mabegani bila viatu. Povu jeupe shingoni si lazima liwe la woga, jasho la farasi lina protini inayolifanya litoe povu likisuguliwa. Na kusahau njia katikati ya mashindano si kufukuzwa papo hapo: jaji hupiga kengele, unarudi pale ulipokosea, unakatwa alama kidogo, unaendelea. Mashindano mengi ya wasio wataalamu huruhusu mtu asimame kando akusomee mpangilio. Herufi za uwanja mdogo, A, K, E, H, C, M, B, F, mimi nazishika hivi: Asha Kamwona Esta Huku Chumbageni, Mama Bado Forodhani.

"Akishtuka mara moja, kazi yote imeharibika"

Fanya hesabu. Mpangilio wenye vipengele 20, kila kimoja alama 10, una jumla ya 200. Poni akishtuka ukapata 4 mahali ulipotegemea 6, umepoteza alama mbili, yaani asilimia moja. Kinachoharibu kazi ni mpandaji anayekibeba kipengele kilichopita hadi kinachofuata, na kile, na kile. Kila kipengele kina sanduku lake kwenye karatasi ya jaji, na sanduku linalofuata bado ni tupu.

Mara ya mwisho tuliposhindana, jua lilikuwa limesogea na kivuli kikaangukia penye H, mahali ambapo hatukukizoea. Matlai aliruka kando. Nilisikia pumzi yangu ikikwama. Nikaitoa, hatua sita, nikafungua vidole, na tulipofika C sikio lake moja lilikuwa limenigeukia mimi. Karatasi ninayo ukutani, karibu na ndoo ya chakula: penye H kuna 4, na kwenye duara lililofuata jaji ameandika 7 na neno moja tu, "amemsikiliza".