Je, wajua kwa nini zikri, rozari na mantra hukutana kwenye pumzi?

Mji Mkongwe wa Unguja ni mdogo, lakini una Waislamu wa zikri, yaani kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, usiku wa Ijumaa, Wakatoliki na rozari zao katika kanisa la Minara Miwili, na Wahindu wenye mantra, maneno matakatifu ya kurudiwa, na hekalu lao Hurumzi. Itikadi zao zimeachana mbali. Mbona basi wote hurudiarudia maneno machache huku wakihesabu kwa shanga? Tasbihi ya Muislamu ina punje 99 au 33, ya Mhindu 108.

Jibu la haraka ni kwamba waliigana. Hapa kwetu, penye majahazi ya India na Uarabuni, ni rahisi kuamini hivyo, na huenda shanga zenyewe zilisafiri. Ila kuigana hapa hakutoshi kueleza: twarika (njia ya kisufi) ya Kadiria, yenye zikri hiyo, ilianzia Baghdad, na Unguja ilienezwa na Sheikh Uways wa Barawa enzi za Seyyid Barghash. Watawa wa Kigiriki wa mlima Athos, nao, karne ya 14 walikuwa wakiinamisha kidevu kifuani na kulifuatisha jina la Yesu na pumzi. Mpinzani wao Barlaam aliwakejeli kuwa ni watu wenye roho kitovuni!

Mimi naona sababu kubwa imo mwilini. Mwaka 2001 madaktari wa Italia waliwapima watu 23 wakisoma Salamu Maria kwa Kilatini, kisha mantra ya Wabudha. Kwa yote mawili pumzi ilishuka hadi kama 6 kwa dakika, mwendo unaolingana na mawimbi ya asili ya shinikizo la damu, na midundo ya moyo ikaenda sambamba na mawimbi hayo. Zikri ya kusimama, inayokwenda ikipanda kasi, si utulivu wa namna hiyo, kwa hiyo kipimo hicho hakielezi kila kitu.

Wala hakizifanyi dini kuwa moja. Asemaye "La ilaha illa Allah" anakanusha waungu wengine wote. Mtawa anaomba rehema kwa Yesu. Mbudha hamwiti muumba yeyote.

Wanapokubaliana tena ni kwenye tahadhari: mtu asijifanyie peke yake. Mhindu ana guru, mtawa ana mzee wake, na kwetu muridi, mfuasi wa twarika, hujiunga kwa ijaza (idhini) ya sheikh au khalifa wake, ndiye anayempa uradi, yaani maneno ya kusoma, na kumwambia ausome mara ngapi.