Msuli ukikukaza Vipingo, kosa ulilifanya Mtwapa

Ukitaka kujua ni nani katika kundi atakayekazwa na misuli leo, mtazame anavyonyonga baiskeli baina ya Mtwapa na Kilifi asubuhi ya mwezi wa Julai. Upepo wa kusi unamsukuma mgongoni, jua halijapanda, na miguu inamdanganya kwamba leo ana nguvu za ajabu. Anatia gia nzito, anawapita wenzake mmoja mmoja. Kilifi anafika mapema, anakunywa chai na mahamri, roho yake kunjufu. Kisha anageuza baiskeli kurudi Mombasa, na ule upepo uliokuwa ukimbeba sasa unampiga kifuani. Akifika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, mahali pasipo mti wa kumkinga, shavu la mguu linajifunga fundo.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Mombasa, na Jumapili nisipokuwa na zamu naendesha baiskeli mwenyewe. Wanaokuja kwangu ni wa kila aina: vijana wenye baiskeli nyepesi za mashindano, na wazee wanaobeba maziwa na mkaa kwa baiskeli nzito za chuma. Lalamiko lao ni moja: "Daktari, mshipa umenikaza." Nami huwaambia kwanza kwamba si mshipa, ni msuli. Pili, ndizi waliyoisahau nyumbani mara nyingi haihusiki. Msuli umefanyishwa kazi kubwa kuliko ulivyozoea, na umechoka mpaka mishipa yake ya fahamu imeshindwa kuutuliza.

Najua jambo hili linapingana na tuliyofundishwa wengi, kwamba msuli hukaza kwa upungufu wa maji na chumvi. Imani hiyo ina mizizi ya kweli. Katika miaka ya 1920 wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakikazwa vibaya chini ya ardhi, na katika miaka ya 1930 yakawakuta vibarua waliojenga bwawa la Hoover huko Marekani. Walitoka jasho kutwa nzima na kunywa maji matupu, na walipoongezewa chumvi wakapata nafuu. Kwa mtu wa kazi ya sulubu juani, siku baada ya siku, chumvi ni jambo zito.

Lakini madaktari wa michezo, akiwamo Martin Schwellnus wa Afrika Kusini, walipowapima damu wanamichezo wa masafa marefu, hawakukuta kwamba waliokazwa walikuwa wamekaukiwa zaidi au wamepungukiwa chumvi kiasi cha kueleza kilichowapata. Tofauti ilikuwa kwingine: waliokazwa walikuwa wamekwenda kwa kasi zaidi, na wengi wao walishawahi kukazwa kabla. Nami huuliza swali hili kila mara: damu ni moja na huzunguka mwili mzima. Kama chumvi imepungua, mbona linakaza shavu la mguu wa kulia peke yake, mikono na mgongo vikabaki salama?

Ndani ya msuli mna vipokezi vya namna mbili. Vya kwanza vimelala katikati ya nyuzi zake na huupa uti wa mgongo habari kwamba msuli unavutwa, jibu linalorudi ni "jikaze." Vya pili viko pale msuli unapoungana na kano, ile kamba inayoushikiza kwenye mfupa. Hivi hupima mkazo, na ukizidi huamrisha "legea." Msuli ukichoka, vile vya kwanza huzidi kupiga kelele na vya pili hufifia sauti. Hali huwa mbaya zaidi msuli unapofanya kazi ukiwa umefupishwa, kwa kuwa hapo kano imelegea na breki haina cha kupima. Ndiyo maana wanaoonewa zaidi ni misuli inayovuka viungo viwili: shavu la mguu, msuli wa nyuma ya paja, na ule mrefu wa mbele ya paja. Mwendesha baiskeli huvitumia vyote vitatu kwa maelfu ya mizunguko bila kuvinyoosha hata mara moja.

Ukilielewa hilo, dawa ya papo kwa papo inajitokeza yenyewe: ivute ile kano ili breki ifanye kazi. Teremka kwanza kwenye baiskeli, utoke kabisa barabarani, maana matatu za Kilifi hazingoji mtu. Likikaza shavu, keti, nyoosha goti, kisha vuta vidole vya mguu vikuelekee. Ikikaza nyuma ya paja, weka kisigino chini mbele yako, goti limenyooka, uiname taratibu kuanzia nyonga. Mbele ya paja panataka uangalifu: watu huvuta kisigino mpaka kwenye kalio, na papo hapo nyuma ya paja, ambako sasa kumefupishwa, nako kukakaza. Simama wima, sukuma nyonga mbele, goti ulikunje kiasi tu. Shikilia nusu dakika au zaidi bila kurusharusha, mpaka usikie msuli umelainika chini ya mkono. Hapo ndipo uuchue polepole. Wale wanaoupiga ngumi au kuufunga kwa kamba ya mpira wanauumiza msuli ambao tayari una maumivu.

Ukianza kusikia msuli unacheza chini ya ngozi, kabla haujafunga, una dakika chache za kujiokoa ukiwa bado juu ya kiti. Punguza gia, acha kunyonga, teremsha kisigino pedeli ikiwa chini, uhesabu mpaka ishirini. Halafu endelea kwa gia nyepesi angalau dakika kumi. Msuli uliokaza mara moja huwa tayari kukaza tena.

Narudi kwenye upepo, kwa sababu ndiko safari nyingi za huku kwetu zinakoharibikia. Mombasa hadi Kilifi ni kilomita 60 hivi, kwenda na kurudi 120. Wakati wa kusi, nguvu zako zipangie marejeo. Unapokwenda, nyonga ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, hata kama kasi inaonekana nzuri kwenye saa yako. Gia iwe nyepesi, miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika; gia nzito huulazimisha msuli kujikaza kwa nguvu kila mzunguko. Marejeo, pokezaneni kukata upepo, na anayeanza kuchoka akae nyuma bila kuona haya. Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, hesabu inageuka: unapigwa ukienda, unasukumwa ukirudi. Sasa adui ni joto. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Katika joto la Februari na Machi mimi hutoka saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu asubuhi napenda niwe nimeshashuka kwenye baiskeli.

Sheria yangu nyingine ni ndogo: usiende safari ambayo ni mara mbili ya ile ndefu kuliko zote ulizozifanya mwezi huo. Ongeza kidogo kidogo. Na siku mbili kwa wiki, simama kwenye ngazi kwa ncha za nyayo, panda kwa miguu miwili, teremka polepole kwa mguu mmoja mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Kule kushuka taratibu ndiko kunakolizoeza shavu kubeba mzigo likiwa limenyooka.

Kiti cha baiskeli nacho kimewatesa wengi bila wao kujua. Nimewahi kutibiwa mguu mahali fulani kwa majuma mazima, nikapewa vidonge na mafuta ya kuchua, na hakuna aliyeniuliza nakaaje kwenye baiskeli. Kiti changu kilikuwa juu mno. Kiti kikiwa juu, unaifikia pedeli kwa ncha ya kidole, na shavu la mguu linafanya kazi limefupishwa safari nzima. Pima hivi: keti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudisha mguu mahali pake, pale panapotumika kunyongea, goti litabaki na mkunjo mdogo unaofaa. Kama bado shavu linakusumbua, sogeza mguu mbele kidogo ili pedeli ikae karibu na katikati ya wayo.

Sasa maji. Sisemi usinywe. Jipime uzito kabla ya safari na baada yake: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Ukipoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, ongeza kinywaji safari ijayo. Ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, ulikunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari ya kweli. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 wa mbio za Boston mwaka 2002 waliwakuta asilimia 13 sodiamu, yaani ile chumvi ya damu, imeshuka chini ya kiwango, na waliokunywa hadi uzito ukaongezeka ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kwa safari ya zaidi ya saa tatu kwenye joto, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, visiwe na kichuguu, kisha kamulia ndimu. Mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Madafu tunayapenda, na ni kinywaji kizuri, ila yana potasiamu nyingi, madini yale yale ya kwenye ndizi, na sodiamu kidogo, ilhali jasho linatoa sodiamu zaidi. Tia chumvi chembe. Ndizi ni chakula, na chakula ni muhimu: misuli isiyo na wanga huchoka upesi. Tende tano au sita kila saa zinakusaidia sana, ilimradi uanze kuzila kabla hujaishiwa. Usingoje msuli ukaze ndipo umenye ndizi, kwa kuwa potasiamu yake itachelewa sana kufika.

Kitu kimoja kilichonishangaza nilipokisoma ni siki. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliikaza kwa umeme misuli ya wayo ya watu waliojitolea, wakawapa kidogo maji ya matango yaliyowekwa kwenye siki na chumvi. Msuli uliachia upesi kuliko kwa maji ya kawaida, kabla kinywaji hakijapata muda wa kuingia kwenye damu. Yaonekana ile ladha kali inagusa mishipa ya fahamu kooni, nayo inatuliza mishipa inayouamrisha msuli. Tangu hapo mimi hubeba kichupa cha maji ya achari ya ndimu, yale yanayobaki chini ya gudulia la bibi yangu. Nayapiga funda moja, huku nikinyoosha mguu. Kwangu na kwa wenzangu kadhaa yamefaa.

Kwinini, ile dawa ya malaria, usiiguse. Wazee hapa mjini bado huniuliza, kwa kuwa zamani ilitolewa kwa mikakamao ya usiku. Inaweza kuharibu damu na mapigo ya moyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya isitumiwe kwa kazi hiyo.

Yapo mambo ambayo kunyoosha mguu hakutayatibu. Kama unatumia vidonge vya kupunguza maji mwilini kwa ajili ya shinikizo la damu, au dawa za kolesteroli, na misuli imeanza kukaza hata ukiwa umelala, mwambie aliyekuandikia. Shavu moja likivimba, likawa moto na kuuma siku nzima, linaweza kuwa na damu iliyoganda ndani. Usilichue, nenda ukaonekane. Mkojo ukitoka wa rangi ya kahawa baada ya safari ngumu, msuli unavunjika na figo ziko hatarini: hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka juani, ngozi ikiwa moto, mtieni kivulini, mmwagieni maji mengi mwili mzima na mmpepee huku gari likitafutwa.