Si kila nyumba ya matofali mekundu ni ya Kivictoria

Mtu akiona picha ya nyumba ya zamani yenye matofali mekundu, dohani na madirisha marefu, neno la kwanza kumtoka ni "Kivictoria". Madalali ndio wametuzoesha. Nyumba ya Kivictoria ni iliyojengwa Malkia Victoria akitawala Uingereza, yaani Juni 1837 hadi Januari 1901. Basi. Ni zama, si mtindo.

Hapo ndipo watu wanapovuruga mambo. Katika miaka hiyo kulikuwa na mitindo iliyogombana yenyewe kwa yenyewe: wa Kigothi, wa Kitaliano, hata ulioitwa wa Malkia Anne, aliyekuwa kaburini tangu 1714! Itazame Red House ya Bexleyheath, pembeni mwa London, aliyoisanifu Philip Webb kwa ajili ya rafiki yake William Morris, mbunifu na mshairi, naye Morris akahamia 1860. Paa la vigae lina mwinuko mkali, matao yamechongoka, kisima cha uani kina kofia yake ya koni, na kuta za nje hazikupigwa lipu. Mtaa mwingine wa zama hizohizo umepakwa lipu nyeupe, tofali huoni hata moja. Zote mbili ni za Kivictoria.

Kilichobadilika kweli ni gharama. Kodi ya matofali ya tangu 1784 ilifutwa 1850, ya madirisha ikafuata 1851, na reli ikaanza kusomba matofali mbali na tanuri lake.

Wengine hudai kuzitambua nyumba za Kivictoria kwa ukuta. Wanatafuta mstari wenye tofali la ubavu (upande mrefu ndio unaoonekana), la kichwa (upande mfupi), la ubavu, la kichwa. Mpangilio huo unakwambia kwamba, kwa kawaida, ukuta ni mzito, hauna uwazi katikati, na pengine umejengwa kwa chokaa inayoruhusu unyevu kutoka. (Fundi akija kuziba viungo kwa saruji ngumu, maji hunaswa na uso wa tofali huanza kubanduka.) Tarehe haukwambii. Nyumba za matofali za Bedford Square, London, zilijengwa miaka ya 1770 na 1780, Victoria mwenyewe hajazaliwa.

Na majengo ya zamani ya Nairobi tuyaonee huruma, tusiyaite ya Kivictoria. Mji wenyewe ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na malkia akafa kabla haujatimiza miaka miwili. Sema tu "la kikoloni", hutakosea.