Transista haizai nguvu: Iron Man wa 1963 na kile mnachokicheka

Juzi tena. Kijana kaleta amplifaya inakoroma, sijafungua hata skrubu moja ananiambia fundi niwekee transista kubwa zaidi, kile kipande kidogo cha miguu mitatu kinachotawala mkondo wa umeme, ili nguvu iongezeke. Nikamwambia tulia kwanza tuangalie pawa saplai, sehemu inayoilisha amplifaya umeme. Tukiwa tunasubiri solda ipate moto akatoa simu akanionyesha ukurasa wa komiki ya zamani, Iron Man yule wa kwanza kabisa, shujaa anayevaa vazi la chuma, kila kitu transista transista, akasema ona hawa fundi, eti shujaa anatumia mambo ya redio za babu. Yaani ndani ya dakika tano kaliamini kosa la ile komiki na kaicheka palepale ilipokuwa sahihi. Nishayasikia haya mara nyingi mno, na mtandaoni mnaandika kwamba transista imepitwa na wakati na kwamba kuupigisha moyo kwa transista ni upuuzi, nimechoka kuyaeleza kwa mdomo, kwa hiyo naandika.

Komiki yenyewe ni Tales of Suspense namba 39, jaladani imeandikwa Machi 1963, bei senti 12 za Kimarekani. Hadithi ya Stan Lee, maneno ya Larry Lieber, michoro ya ndani ya Don Heck, jalada la Jack Kirby. Tony Stark mtengeneza silaha anaenda Vietnam, mtego wa bomu unamlipukia, vipande vya chuma vinasogea kuelekea moyoni, anakamatwa na kiongozi wa waasi Wong-Chu, na huko kifungoni yeye na mfungwa mwenzake Profesa Yinsen wanatengeneza vazi la chuma la kuufanya moyo uendelee kupiga. Vazi la kijivu, sio lile la rangi mnalolijua.

Sasa humo ndani transista inafanya kila kazi. Sumaku ndogo ikishikishwa transista inakuwa na nguvu ya kutisha. Adui wakirusha mabomu Stark anasema katumia transista ya umbo la kofia, nguvu ya kusukuma imeongezeka mara elfu. Hiyo kofia wala sio ya kubuni, waliowahi kufungua vifaa vya zamani wanaijua, kikopo cha chuma chenye ukingo chini na miguu mitatu, ukiisimamisha mezani ni kofia kabisa. Na hiyo mara elfu wengi wanaicheka bure. Chukua TIP120, hiyo ni Dalingtoni, transista mbili ndani ya ganda moja, datashiti, yaani karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, inakuahidi geini isiyopungua 1000, maana yake mkondo unaotoka ni mara 1000 ya ule mdogo ulioingia. Mpangilio wenyewe ulibuniwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, miaka kumi kabla ya hiyo komiki. Kwa hiyo namba haina shida, shida ni swali ambalo wateja wangu nao hawaulizi, mara elfu ya nini, na inatoka wapi?

Nisikilize hapa maana ndo penye utata wote. Transista haizai kitu. Kuna tangi la maji juu ya nyumba na kuna koki chini. Kidole chako kinageuza koki kwa nguvu kidogo sana na maji yanatoka kwa kasi, ukimwaga ndoo ishirini hakuna mtu atakayesema kidole kimetengeneza ndoo ishirini. Maji yalikuwa tangini. Tangi likiwa tupu geuza koki mpaka uvunjike mkono hupati kitu, na ukibadilisha koki ndogo ukaweka kubwa wakati tangi ni lile lile na limebaki vidole viwili, umepata nini? Transista ni koki, na kila wati inayotoka kwenye spika imetoka kwenye betri au kwenye transfoma, transista imeiruhusu tu ipite kwa kufuata umbo la ile sauti ndogo iliyoingia. Tena njiani inakula chake, ndo maana inachemka na ndo maana tunaifunga kwenye hitisinki, lile bati la kupoza. Kitu kinachochemka hivyo kinapoteza nguvu, hakiongezi.

Mfano huo wa koki nao una kasoro na naona ni vizuri niseme. Miaka yote nimefundisha vijana kwamba mkondo mdogo wa besi ndo unaotawala mkondo mkubwa wa kolekta (miguu mitatu ya transista ni besi, kolekta na emita). Ukiingia kwenye fizikia yake ndani unakuta kinachoamua hasa ni volti kati ya besi na emita, ukiiongeza kama milivolti 60 hivi mkondo wa kolekta unapanda mara kumi, na mkondo wa besi unaonekana kama gharama tu ya kuendesha kitu. Mafundi wanagombana kuhusu hili mpaka kesho. Mimi nimebadilisha mawazo zaidi ya mara moja na bado benchini nafikiria kwa mkondo kwa sababu unanipa jibu haraka. Halafu geini yenyewe vitabu vinaandika 100 kana kwamba imechongwa kwenye jiwe, wakati BC547, transista ndogo ya kawaida, datashiti inakwambia inaweza kuwa popote kati ya 110 na 800. Saketi nzuri ni ile isiyoitegemea hiyo namba.

Turudi kwa Stark. Chukua betri ya volti 9, ile ya mraba, ndani ina kama wati-saa 4.5, yaani jouli elfu 16 na kitu. Mtu na chuma chake tuseme kilo 200. Hata kama hakuna kinachopotea hata chembe, nishati yote hiyo inamnyanyua mita 8 halafu basi imekwisha, hajaruka, hajavunja mlango, hajapigana na mtu, na ukweli betri ile haiwezi kuitoa kwa kasi hiyo hata kidogo. Mpe transista milioni, bado ni mita 8. Waliotengeneza filamu ya 2008 waliliona hili, transista wakaziacha wakamwekea kinu cha nishati kifuani. Kinu cha kubuni, sawa, lakini waliweka tangi.

Ila kuna kitu kwenye ile komiki ya 1963 nakipenda sana na sijawahi kusikia mtu akikitaja. Vazi limeshamalizika, Stark amelala mezani, na haliwezi kufanya kazi mpaka jenereta ijaze umeme ndani yake. Wanasubiri. Walinzi wanakuja. Yinsen anatoka mbio kwenda kuwachelewesha na wanamuua, ili tu chaji ipate dakika chache za kujaa. Transista zote zilishafungwa mahali pake! Sehemu yote ya uchungu ya hadithi imesimama juu ya ukweli kwamba transista bila umeme ni chuma tu, halafu ukurasa unaofuata waandishi wenyewe wanasahau.

Hili la ukale nitalipitisha haraka maana linaniudhi. Transista ilizaliwa Desemba 1947 Bell Labs, Bardeen na Brattain, Shockley akafuata na ya kwake, wote watatu wakapata Nobeli 1956. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, ya mfukoni, Regency TR-1 ya 1954, ilikuwa na transista nne. Simu ya iPhone 15 Pro chipu yake ina bilioni 19. Sio za aina ile ya kikopo, hizi ni MOSFET, aina nyingine inayotawaliwa na volti, lakini ni transista, na kila unapoandika kwamba transista imepitwa na wakati zinafunguka na kujifunga mabilioni ya mara ili maandishi yako yaende. Kilichopitwa ni jerimaniamu, malighafi ya transista za mwanzo kabla ya silikoni kushika, ambayo ikipata joto inavuja mkondo, karibu unazidi maradufu kwa kila nyuzi kumi, na hapo ningemhurumia Stark, amefungiwa ndani ya chuma katikati ya joto la Vietnam.

Na ile ya moyo mnayosema ndo upuuzi mkubwa kuliko yote? Mwaka 1958 Sweden, mhandisi Elmqvist alitengeneza na daktari wa upasuaji Senning akapandikiza ndani ya mwili wa mtu kifaa cha kuupigisha moyo, transista mbili za silikoni. Cha kwanza kilidumu saa chache tu. Mgonjwa yule alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini na akaishi mpaka 2001. Miaka mitano kabla ya komiki kuna binadamu alikuwa ameshabeba transista mwilini.

Ile amplifaya niliifungua. Kapasita mbili za pawa saplai, vile vikopo vinavyotunza umeme, zimevimba vichwa, nikazitoa nikaweka mpya, transista ni zile zile alizokuja nazo. Alipoiwasha duka la jirani wakatoka nje kuangalia. Akaniuliza nimeweka transista gani.