Navuta nikiwa na glasi tu

Muulize kijana wa miaka 23 kama anavuta sigara, atakwambia havuti. Ijumaa usiku utamkuta bia mkono mmoja, sigara mkono wa pili. Wala hadanganyi. Kwake mvutaji ni yule mzee anayekohoa asubuhi na kununua pakiti nzima. Yeye huomba mojamoja kwa rafiki, na kesho yake hakumbuki ziliishia ngapi. Wanaotaka kumsaidia huteleza hapohapo: wanamhubiria habari za mapafu, naye anaona mahubiri ni ya mtu mwingine. Afadhali tuanze na maneno yake mwenyewe.

"Mimi si mvutaji, navuta nikinywa tu"

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Mtu angetarajia sehemu moja ya ishirini. Mwili haufanyi hesabu hivyo: ukipunguza sigara, madhara hayapungui kwa kipimo kilekile.

Kisha kuna ubongo, ambao unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, huufikia ndani ya sekunde chache tangu mvuto wa kwanza. Glasi na sigara zikiandamana kila wikendi, ubongo unazizoea kama kitu kimoja, mpaka inafika mahali glasi ndiyo inayoita sigara. Kijana anakaa Jumatatu hadi Alhamisi bila hamu yoyote, anajitangaza kuwa ameacha, halafu bia ya pili inamrudisha alikotoka. Mdomoni, kooni na kwenye umio, ushirika huu ni mbaya zaidi, kwa sababu hatari za saratani za pombe na tumbaku hazijumlishwi tu, zinazidishana.

"Aache sigara kwanza, pombe tutaiona baadaye"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na ndio unaoangusha wengi. Dalili za kukosa nikotini, ile arosto, huanza ndani ya saa chache, hupanda kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki tatu au nne. Huwezi kumwambia mtu apite kipindi hicho akiwa baa, amezungukwa na wavutaji, na akili ya kusema "hapana" imelegezwa na kilevi. Simaanishi aape kutoonja pombe maisha yake yote. Mwezi wa kwanza tu akae mbali na meza ya pombe, au anywe kidogo sana na kuondoka mapema. Ukiwa rafiki yake, msaada wako mkubwa pengine ni kumwalika mahali ambapo hakuna pombe kabisa.

"Sigara inanituliza"

Inamtuliza kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Nusu ya nikotini huondoka kwenye damu kwa takriban saa mbili. Hasira na wasiwasi vinaanza kunyemelea, anavuta, vinaondoka, naye anaipa sigara sifa ya kutibu maradhi iliyoyaleta yenyewe. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2014 yaliwakuta walioacha wakiwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko walioendelea kuvuta. Faraja hiyo haiji wiki ya kwanza, na ni vizuri aambiwe hivyo mapema.

Hapa niongeze jambo ambalo hata washauri hulisahau: kahawa. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka. Mvutaji wa kila siku akiacha, kikombe kilekile alichozoea kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, mikono inatetemeka, usingizi unapaa, naye anadhani ni arosto. Apunguze kahawa kwanza, ndipo alaumu kuacha.

"Mwenye nia hahitaji dawa"

Wanaojaribu peke yao bila msaada wowote, kati ya 100, ni 3 hadi 5 tu ambao bado hawavuti baada ya miezi sita hadi mwaka. Hao wengine si kwamba hawakuwa na nia. Vibandiko na chingamu za nikotini huongeza nafasi ya kufaulu kwa karibu nusu, na kutumia kibandiko pamoja na chingamu hufanya kazi kuliko kimoja peke yake. Shirika la Afya Duniani liliziingiza bidhaa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya kusaidia kuacha sigara, vareniklini na bupropioni. Wapo wanaoogopa kwamba kibandiko nacho kina nikotini. Kinayo, lakini saratani inaletwa na kemikali za moshi, na kibandiko hakina moshi.

Nikiri lakini kwamba kibandiko kilitengenezwa kwa ajili ya mvutaji wa kila siku. Wa Ijumaa tu hana arosto ya Jumanne ya kutibiwa. Huyu anahitaji mpango wa jioni ile yenyewe: atakaa na nani, atashika nini mkononi, atajibu nini akinyooshewa pakiti. Jumbe za kutia moyo kwenye simu zimethibitika kusaidia, na kwa vijana ni rahisi kuzipokea kuliko kwenda kukaa mbele ya mshauri.

"Nakunywa wikendi tu, na silewi ovyo"

Tupige hesabu. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja kuwa unywaji wa kupindukia. Hizo ni chupa tatu. Najua kuna meza ambazo chupa tatu ni salamu tu.

Ini la kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyekunywa chupa sita kuanzia saa mbili usiku, ini lake hata likijitahidi litamaliza kazi saa mbili asubuhi, saa ambayo yeye yuko kwenye usukani. Kahawa, maji baridi na supu havibadilishi kitu. Kuzimua kwa chupa nyingine ni kuliongezea ini foleni. Na yule anayejisifu kuwa na kichwa kigumu, mwili wake umeizoea pombe. Ni dalili ya kumtia wasiwasi.

Tafiti za wanafunzi wa vyuo zimeonyesha mara nyingi kwamba vijana hudhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli, kisha kila mmoja anakimbizana na kundi ambalo halipo.

Na anayevuta shisha mezani badala ya sigara je, si maji yanausafisha moshi? Hapana. Tena katika mkao wa saa moja mtu huvuta moshi kama mara 200, wakati sigara moja huvutwa kama mara 20.

"Bado kijana, nitaacha nikifika thelathini"

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haipuuziki. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, na matokeo ya miaka 50 yakatoka mwaka 2004: wavutaji walikufa mapema kwa takriban miaka 10, lakini walioacha wakiwa na umri wa karibu miaka 30 waliepuka karibu hasara hiyo yote. Walioacha kwenye 40 waliokoa 9, kwenye 50 waliokoa 6. Kijana asifichwe takwimu hii. Aulizwe tu: kama kuacha ni kwa tarehe, mbona tarehe alizojiwekea mwaka huu zimepita?

"Acha vyote leoleo"

Kwa sigara, sawa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilikuta kwamba, wiki nne baadaye, waliokata zote kwa mara moja walikuwa bado hawavuti 49 kati ya 100, dhidi ya 39 kwa waliopunguza polepole.

Kwa pombe inategemea ni nani. Wa wikendi anaweza kukata au kupunguza bila hatari. Lakini anayekunywa sana kila siku, anayeamka akitetemeka na kutulia baada ya glasi ya kwanza, akikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, kisha kuchanganyikiwa kunakoweza kumuua. Usimfungie ndani wala kumwaga chupa zake kwa hasira. Mpeleke kwanza kwa daktari, maana zipo dawa za kumvusha siku hizo salama.