Je, wajua jinsi mtu asiyefundishwa anavyoweza kuchonga sanamu za mawe?

Mtu anayepita Iringa mjini akaliona jabali la Gangilonga huenda akajiuliza: mtu ambaye hakufundishwa na yeyote angeanzia wapi kuchonga jiwe kama hili? Ukweli ni kwamba asingeanzia hapo. Jabali hilo ni granaiti, jiwe lenye chembe za kwatzi, madini magumu sana, ambazo huifanya tindo kuwa butu upesi, ilhali jiwe la chokaa, mfano wa lile linalochimbwa Songwe nje ya jiji la Mbeya kwa ajili ya saruji, likikwaruzwa kwa kisu huacha mfereji mweupe.

William Edmondson wa Nashville, Marekani, mchongaji ambaye hakufundishwa, aliangukia jiwe hilo la chokaa lililo laini. Alizaliwa mnamo mwaka 1874 hivi, wazazi wake wakiwa wamewahi kuwa watumwa. Alifanya kazi katika reli, kisha hospitalini, na alikaribia umri wa miaka 60 alipoanza kuchonga, akisema kwamba ni Mungu aliyemwagiza. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununulia vifaa, alitengeneza tindo kutokana na misumari minene ya reli, na mawe aliyapata kwenye majengo yaliyobomolewa na kingo za barabara.

Kwa maoni yangu, shule yake hasa ilikuwa makaburi. Kazi zake za kwanza zilikuwa mawe ya kuwekwa juu ya makaburi ya watu wa jamii yake, na jiwe la kaburi humzoeza mkono mchongaji, kwa maana linadai uso ulionyooka na herufi zinazosomeka kabla ya kudai umbo lolote. Baadaye walikuja njiwa, kondoo na malaika. Sikio nalo hujifunza: wagonga kokoto wa huku kwetu hulipiga jiwe polepole kwanza, kwa kuwa jiwe zima hulia na lenye ufa hutoa mlio uliozimika, na maarifa hayo hayahitaji darasa.

Mwaka 1937 Edmondson alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Sanamu zake ni nene, mikono imebanwa kiwiliwilini, kwa sababu kiungo chembamba cha jiwe la chokaa huvunjika kwa urahisi. Na katika nyingi kati ya hizo, pande bapa za jiwe la ujenzi alilolianzia bado zinaonekana.